Jasho la Usiku Burat: Miaka ya Kuelekea Kukoma Hedhi na Jinsi Inavyosomwa Vibaya

Mwanamke wa miaka 44 akiamka usiku katika nyumba ya mabati huko Burat, shuka limelowa na moyo unamdunda, jibu la kwanza analopewa asubuhi ni malaria. Kipimo kisipoonyesha malaria, hutajwa taifodi. Taifodi nayo ikikosekana, zamu ni ya brusela, ugonjwa unaofahamika katika kila boma lenye mbuzi au ngamia. Maelezo ya nne hutajwa kwa nadra sana: huenda mwili wake umeingia katika miaka ya mpito inayotangulia kukoma kwa hedhi.

Burat ni wadi iliyo kando ya mji wa Isiolo nchini Kenya, ikiufuata Mto Isiolo. Waturkana, Wameru, Waborana, Wasomali na Wasamburu wanaishi huko kwa ujirani. Wengine hulima vitunguu, nyanya na sukuma wiki kwa maji ya mfereji, wengine hufuga kuelekea sehemu za LMD na Leparua. Hapa miaka ya mpito ni vigumu kuitambua kuliko mahali pengi. Nchi yenyewe ni ya joto, maradhi ya homa yapo kweli, na sindano ya kupanga uzazi imebadilisha hedhi ya wengi kabla umri haujaibadilisha. Kwa hiyo dhana potofu kuhusu kipindi hiki hazitoki kwa wanawake peke yao, maana nyingine huzaliwa ndani ya chumba cha matibabu. Zinaleta hasara mbili zinazopingana: mwili wenye afya hutibiwa kama mgonjwa, na ugonjwa halisi huachwa uendelee kwa kudhaniwa kuwa ni umri tu.

Msichana huzaliwa akiwa na mayai kati ya milioni 1 na milioni 2. Anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na katika maisha yake yote ya uzazi yanayopevuka ni 400 au 500 tu. Mengine hunyauka yenyewe. Akiba inapokuwa ndogo, ovari huanza kuruka mizunguko: mwezi huu yai linapevuka, mwezi ujao halipevuki. Mwezi usio na yai hukosa projesteroni, ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa kupita kiasi, kisha hubomoka na kutoka kama damu nzito ya siku nyingi. Ubongo nao huzidisha homoni ya kuzichochea ovari, na ovari hujibu kwa fujo. Estrojeni inaweza kupanda wiki hii kuliko ilivyokuwa katika ujana, na wiki ijayo ikaporomoka.

Hapo ndipo dhana ya kwanza inapokosea. Wengi hudhani kwamba homoni hupungua taratibu kama taa inayoishiwa mafuta, na kwamba dalili zitakuja hedhi ikishakatika. Ukweli ni kwamba misukosuko mikubwa huja mapema, mwanamke akiwa bado anaona siku zake, mara nyingi akiwa bado ananyonyesha au akiwa na mtoto wa darasa la pili. Kwa kuwa damu bado inatoka, yeye mwenyewe na anayemtibu hawaoni sababu ya kufikiria ukomohedhi.

Ukomohedhi wenyewe hujulikana kwa kutazama nyuma. Mwanamke akitimiza miezi 12 mfululizo bila damu, bila mimba, ugonjwa wala dawa iliyoisimamisha, ile hedhi ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Utafiti uliofanywa mashambani nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 1997 katika jarida la East African Medical Journal ulipata umri wa kati wa miaka 48 hivi. Mpito unaoutangulia huchukua miaka 4 kwa wastani, na kwa wengine hurefuka mno. Ukitoa hesabu hiyo, mwanamke wa Burat mwenye miaka 43 hajaharakishwa na chochote. Yuko katika wakati wake.

Wataalamu wa nchi mbalimbali waliokutana mwaka 2011 kukubaliana juu ya hatua za safari hii waliweka alama mbili zinazoweza kusomwa na mtu yeyote mwenye kalenda ya ukutani. Urefu wa mzunguko ukianza kutofautiana kwa siku 7 au zaidi, na hali hiyo ikijirudia, mpito umeanza. Zikipita siku 60 au zaidi bila damu, mpito umefika hatua zake za mwisho. Kalenda hiyo ina thamani kuliko kipimo cha homoni ambacho mtu hulipia maabara ya mjini. Kwa kuwa homoni hupanda na kushuka kila wiki, jibu la leo linaweza kukanushwa na la Ijumaa, na miongozo mingi ya tiba inasema wazi kwamba mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili hizi hahitaji kipimo hicho.

Joto la ghafla lina chanzo chake kichwani. Sehemu ndogo ya ubongo inayosimamia joto la mwili huongozwa kwa kiasi fulani na estrojeni. Estrojeni inapoyumba, sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka: ongezeko dogo la joto, ambalo zamani halikusumbua, sasa huamrisha mishipa ya ngozi ipanuke na jasho litoke. Uso na kifua huwaka kwa dakika chache, halafu baridi hufuata. Wanawake wengi, kama watatu kati ya wanne, huipitia hali hiyo kwa kiwango fulani. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, ulioanza mwaka 1996 na kuwafuatilia wanawake zaidi ya 3,300 wa asili mbalimbali, ulionyesha kwamba kwa walio na dalili za mara kwa mara, hali huendelea kwa miaka 7.4 kwa kipimo cha kati. Kwa Wamarekani weusi ilifika miaka 10.1. Takwimu hiyo inajibu usemi unaosikika mara nyingi, kwamba haya ni matatizo ya wanawake wa Kizungu wenye nafasi ya kujisikiliza.

Sasa turudi kwenye brusela, kwa sababu hapa Isiolo ina kisa chake cha pekee.

Brusela huambukizwa kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika kondo la mnyama aliyetupa mimba. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo, uchovu na huzuni. Zisome tena dalili hizo, ukiiacha homa: ni zilezile za miaka ya mpito. Isiolo ni mji wa maziwa ya ngamia. Wanawake wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh jijini Nairobi, na familia nyingi za wafugaji huyanywa maziwa ya ngamia bila kuyachemsha. Hakuna anayeweza kusema kwamba brusela ni hofu ya bure huku.

Tatizo liko kwenye kipimo. Utafiti uliofanywa katika hospitali za magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumiwa sana nchini kiliwatangaza wengi kuwa na brusela ilhali hawakuwa nayo, na kiliwakosa wengi waliokuwa nayo. Tena, vipimo vya aina hii hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki katika damu muda mrefu baada ya maambukizi kuisha. Katika utafiti wa miaka ya 2012 na 2013, karibu nusu ya watu waliopimwa Marsabit, kaunti inayopakana na Isiolo, walikuwa na alama za kuwahi kukutana na bakteria hao. Katika eneo kama hilo, mpime mwanamke yeyote wa miaka 46 anayetokwa na jasho usiku, na kuna uwezekano mkubwa karatasi itarudi na alama ya kujumlisha. Atapewa doksisaiklini na dawa ya pili kwa wiki 6. Tumbo litamchafuka, pesa ya mbuzi mmoja itakwenda, na jasho litabaki palepale. Baada ya miezi michache ataambiwa brusela imerudi.

Kifaa kinachoweza kumwokoa ni cha bei ndogo: kipimajoto. Joto la ghafla halileti homa ya nyuzi 38. Humjia akiwa mzima, humwacha baada ya dakika chache, na mchana huweza kumpata akiwa sokoni au shambani. Brusela na malaria hupandisha joto linalopimika na kuondoa hamu ya kula. Jasho linaloandamana na kukonda na kikohozi cha wiki mbili au zaidi linataka uchunguzi wa kifua kikuu bila kuchelewa, na anayeishi na virusi vya UKIMWI anahitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa dalili zinaweza kuchanganyika na za maradhi nyemelezi, au lawama ikatupiwa dawa anazomeza. Kwa ufupi, umri usiwe sababu ya kutopima. Uwe sababu ya kuuliza swali moja zaidi kabla ya kuandika dawa: hedhi yako ikoje siku hizi?

Swali hilo ni gumu kulijibu kwa wanaotumia sindano ya miezi mitatu. Baada ya mwaka mmoja wa sindano ya Depo, karibu nusu ya watumiaji hawaoni damu kabisa. Mwenye miaka 45 akiwa kwenye sindano anaweza kuamini kwamba ameshakoma, akaacha kurudi kliniki, na baada ya miezi kadhaa akajikuta mjamzito. Mwenzake wa kijiti cha mkononi huona matone yasiyo na ratiba, akadhani umri umemfikia. Wapo pia wanaosema kwamba sindano ndiyo iliyowakausha na kuwaletea ukomohedhi mapema, jambo lisilo kweli: sindano husimamisha yai kwa muda, haimalizi akiba ya mayai, ingawa uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurudi kwa mwaka hivi.

Na mimba za umri huu zipo. Yai linaloruka miezi mitatu linaweza kupevuka mwezi wa nne. Ushauri wa kitabibu ni kuendelea na kinga kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyevuka miaka 50, na miaka 2 kwa aliye chini ya hapo. Kwa Isiolo jambo hili ni zito. Mwaka 2015 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali ya Kenya yaliichagua kaunti hiyo kuwa miongoni mwa sita za kupewa msaada wa pekee kwa sababu ya vifo vya akina mama wajawazito. Mama wa miaka 46 anayebeba mimba ya nane yuko katika hatari kubwa ya kuvuja damu wakati wa kujifungua, na mara nyingi huchelewa kliniki kwa sababu alidhani tumbo ni la ukomohedhi.

Kosa la upande wa pili linaua kwa ukimya zaidi. Hutokea pale kila kinachotoka mwilini mwa mwanamke wa makamo kinapoelezwa kuwa ni umri. Damu nzito ya wiki mbili si jambo la kuvumiliwa kwa sababu "mwili unajisafisha". Huenda ni mizunguko isiyo na yai, huenda ni uvimbe wa fibroidi, ambao huwapata zaidi wanawake wa asili ya Kiafrika, na vyovyote iwavyo huleta upungufu wa damu. Uchovu na kizunguzungu vinavyosemwa kuwa ni uzee huweza kuwa ukosefu wa madini ya chuma, unaopimwa kwa tone la damu na kutibiwa kwa vidonge vya bei nafuu. Damu yenyewe ina dawa za kuipunguza, ikiwamo koili yenye homoni. Dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa kwenye chupa sokoni, hasa zile za kuwekwa ukeni, zinachelewesha uchunguzi na kuchubua ngozi ambayo tayari imekuwa nyembamba.

Zaidi ya yote kuna damu inayorudi baada ya mwaka mzima wa ukavu. Wapo wanaoipokea kwa furaha, wakisema ujana umerudi. Damu hiyo ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo. Mara nyingi chanzo ni kidogo, kama vile wembamba wa ngozi ya uke, lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani ya mlango wa kizazi nchini Kenya kuwa 5,236 na vifo 3,211. Ugonjwa huo ukigunduliwa mapema hutibika, na damu isiyo na mpangilio, au inayotoka baada ya tendo la ndoa, ni mojawapo ya ishara zake.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Isiolo, damu isiyo na ratiba huleta swali la ibada pia: aswali au asiswali, afunge au ale? Baadhi hukaa wiki nyingi bila swala wakidhani wamo hedhini. Elimu ya dini ililishughulikia suala hili karne nyingi zilizopita kwa kutenganisha hedhi na istihadha. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hedhi haizidi siku 15. Inayozidi hapo ni istihadha, na mwenye nayo huswali na kufunga, akijisafisha na kutawadha kwa kila swala ya faradhi. Darsa za akina mama zinaweza kufanya kazi kubwa hapa kama zitaongeza jambo moja: damu iliyovuka siku 15 ina hukumu yake msikitini, na ina uchunguzi wake hospitalini.

Ukavu wa uke hauzungumzwi kabisa, ingawa tofauti na joto la ghafla hauondoki wenyewe kwa kupita miaka. Katika jamii ambazo wasichana wamekeketwa, na Isiolo ni miongoni mwa kaunti zilizoathirika sana licha ya sheria ya mwaka 2011 kupiga marufuku tendo hilo, kovu la zamani hukutana na ngozi iliyopoteza unyevu. Maumivu ya ndoa huongezeka, na maambukizi ya njia ya mkojo hujirudia. Mume akiona mkewe anamkwepa hufikiria kuna mwingine. Mke naye hudhani anaadhibiwa. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kwa kiwango kidogo sana, husaidia wengi, na hata vilainishi vya kawaida hupunguza uchungu. Ni huzuni kwamba wanandoa waliolea watoto pamoja kwa miaka 25 wanaachana vyumba kwa jambo lenye dawa.

Hasira, machozi na usingizi uliokatika navyo husomwa vibaya, mara kama majini, mara kama tabia mbaya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 na watafiti wa University College London, ukijumuisha wanawake zaidi ya 9,000, ulionyesha kwamba hatari ya sonona katika miaka ya mpito huongezeka kwa asilimia 40 hivi ikilinganishwa na kabla yake. Aliyewahi kuwa na sonona baada ya kujifungua ajihadhari zaidi. Miraa, inayopatikana kila kona ya Isiolo, na chai nzito ya usiku huongeza kukosa usingizi na mapigo ya moyo, na kuvipunguza ni jaribio la bure ambalo mtu anaweza kulianza leo.

Imani kwamba mwanamke aliyekoma hedhi amekwisha kazi imepingwa na ushahidi wa hapahapa Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1980, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliishi na Wahadza kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Waliona kwamba bibi waliovuka umri wa kuzaa walichimba mizizi kwa bidii isiyopungua ya mabinti zao, na kwamba mama anaponyonyesha mtoto mchanga, ukuaji wa mtoto wake mkubwa ulitegemea jasho la bibi. Wakahoji kwamba maisha marefu baada ya uzazi ni sehemu ya jinsi binadamu walivyofaulu. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha habari za sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda: kati ya majike 185 waliofuatiliwa kuanzia 1995 hadi 2016, waliofika utu uzima waliishi kwa wastani sehemu ya tano ya maisha yao ya ukubwani baada ya kuacha kuzaa, na homoni kwenye mkojo wao zilibadilika kwa mtindo uleule wa binadamu.

Kuhusu tiba ya homoni, hofu iliyotawala dunia kwa miaka 20 ilitokana na utafiti mmoja wa Marekani, Women's Health Initiative, ambao sehemu yake moja ilisimamishwa mwaka 2002 kwa sababu ya ongezeko la saratani ya matiti. Ongezeko hilo lilikuwa la wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na wastani wa umri wa walioshiriki ulikuwa miaka 63, mbali na miaka ambayo dalili huanza. Leo wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajafikisha miaka 10 tangu hedhi ya mwisho, faida kwa kawaida huzidi hatari. Novemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuondoa onyo zito lililokuwa kwenye dawa hizi. Masharti yamebaki: mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni bila projestojeni, na aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda anahitaji njia nyingine. Njia nyingine zipo, zikiwamo baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo, ambazo hupunguza joto la ghafla.

Kwa nini mambo haya hayajafika kwenye zahanati ya wadi? Sehemu ya jibu iko kwenye hesabu. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, umri unaolingana na uzazi. Anayefikisha miaka 50 hatoweki Burat, lakini hutoweka katika majedwali, na kisichohesabiwa hakitengewi bajeti wala semina ya wauguzi. Nguvu iliyowekwa Isiolo kwenye vifo vya wajawazito ilikuwa ya haki na bado inahitajika. Ila imefanya mlango wa kliniki ufunguke kwa mwenye mimba na mwenye mtoto mgongoni, na mama yao akabaki nje.

Vifaa vya kuanzia tayari vipo. Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye kipimajoto, mashine ya presha na kipima sukari. Presha hupanda katika miaka hii, kwa hiyo mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba Burat ana sababu ya kumpima kila mwanamke aliyevuka miaka 40, kumuuliza tarehe ya hedhi yake ya mwisho na njia ya uzazi anayotumia, na kumwomba aweke alama kwenye kalenda kwa miezi mitatu. Mwenye jasho bila homa aelezwe kinachomtokea kabla hajanunua dawa za wiki 6. Mwenye damu nzito apimwe wingi wa damu. Na yule ambaye damu imemrudia baada ya mwaka apewe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Isiolo, kilomita chache kutoka hapo, akapimwe mlango wa kizazi na mji wa mimba wiki hiyohiyo.